Baba, Prosesa Haipakwi Grisi

Alhamisi, Mikumi. Jua kali, upepo hakuna, na mimi nimechoka na watu wote ninaowapenda.

Naandika nikiwa dukani kwa Shukuru, fundi kompyuta wa hapa Mikumi, kwenye mojawapo ya mashine zake za intaneti. Kitufe cha herufi N hakikubali mpaka ukipige ngumi, kwa hiyo mkiona neno limepungukiwa mjue mkono umechoka. Feni ya darini inazunguka kwa kujisikia. Kwenye benchi la ukutani amekaa baba yangu mzazi, na kati yetu, juu ya meza, iko kompyuta yangu, ubavu wazi, inanguruma.

Imefika asilimia ishirini na mbili.

Ikifika sitini huwa inazima. Haitoi onyo. Kioo kinakuwa cheusi, na kazi ya nusu siku inakwenda na maji.

Leo ikizima tena sijui sura yangu nitaiweka wapi.

Nianzie mwanzo, maana nikiendelea hivi mtadhani nimerukwa na akili. Wanaonifahamu wanajua nina kibanda Kilosa mjini, jirani na stesheni. Nachapa, natoa fotokopi, napiga picha za paspoti, na tangu mwaka jana nahariri video. Kompyuta yenyewe ni ya mtumba, imetumika Ulaya. Nasema Ulaya ya wazungu, si hiki kijiji chetu kiitwacho Ulaya, cha kwenda na baiskeli siku ya gulio. Siku hizi soko liko wazi, kila chenye waya kinaingia nchini. Wenzetu wamekitumia mpaka kikawachosha, kikapandishwa meli, nasi tunakipokea kwa vigelegele.

Kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata ni hii ya kwaya ya kina mama wa Kidete. Video ya nyimbo zao zote, ya kutoa kwenye sidii. Tulirekodi kando ya mto Mkondoa, tukarekodi wakitembea juu ya mataruma ya reli, tukarekodi kwenye shamba la mahindi la Mama Perisi, mwenyekiti wao, naye akawa anasimamisha wimbo katikati kila akiona mbuzi ameingia. Jumapili hii wanazindua. Kadi za mwaliko zimeshagawiwa, maturubai yameazimwa, mgeni rasmi amekubali, na runinga kubwa itabebwa kutoka mjini kwa ajili ya kuonyesha video hiyo ambayo, hadi sasa ninapoandika, haipo.

Vipande vipo. Video haipo.

Mama Perisi alinipigania. Kwenye kikao chao wengi walitaka waende Morogoro, kwenye studio za maana. Mmoja akasema yule binti mwenyewe si hata mtu wa dini yetu. Mama Perisi alisimama akawauliza tangu lini kamera ikabatizwa. Akawaambia, "Tunaye binti yetu hapa hapa, Morogoro tunafuata nini?" Nimesimuliwa na watu watatu tofauti, kila mmoja akimwigiza sauti. Sasa nikimwangusha, hataumbuka mbele ya mgeni rasmi peke yake. Ataumbuka mbele ya wale waliotaka Morogoro, na hao hawasahau.

Shida ilianza nilipomaliza kuhariri. Mwisho wa kazi hii kuna hatua tunaita kurenda. Kompyuta inachukua vipande vyote, rangi, sauti na majina ya waimbaji, inavipika kuwa video moja. Hapo ndipo inapotoa jasho. Mara ya kwanza ilizima, nikasema umeme. Mara ya pili nikasema labda nimegusa waya. Mara ya tatu nilikaa chini nikashika tama.

Nikampigia Shukuru. Akaniuliza maswali mawili tu, akasema prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, inachemka, na ikichemka kupita kiasi inajizima isiungue. Akanieleza nifungue ubavu, nipulize vumbi, ning'oe feni na lile pande la alumini lenye mbavu mbavu lililo chini yake. Katikati ya hilo pande na prosesa, akasema, kuna pesti. Kama dawa ya mswaki kwa kuiangalia, ila kazi yake ni kupitisha joto. Yangu bila shaka imekauka.

Ilikuwa imekauka kuwa chokaa. Nikaifuta kwa spiriti na pamba mpaka prosesa ikang'aa nikajiona humo. Pesti mpya Kilosa nzima hakuna; nimeulizia mpaka kwenye duka la vifaa vya shule, wakanipa gundi. Shukuru akasema ataituma na basi, nimfuate kondakta stendi siku ya Jumanne.

Jumanne, kabla sijaondoka, nilifunika kila kitu kwa gazeti. Nikamwambia baba, ambaye hunishikia kibanda nikitoka, "Baba, naomba hii isiguswe."

Naomba. Isiguswe. Kiswahili cha darasa la kwanza.

Sasa hapa lazima nimweleze baba yangu, na naandika kwa sauti ya chini kwa sababu amekaa pale. Babu alikuja Kilosa kutoka Tabora kufuata kazi ya reli. Baba akazaliwa hapa, akairithi reli kama wengine wanavyorithi shamba. Alikuwa mkaguzi wa mabehewa. Treni ikisimama Kilosa, usiku au mchana, yeye alitembea kutoka behewa la kwanza hadi la mwisho, anagusa kila beringi ya gurudumu kwa mgongo wa mkono. Si kiganja, mgongo wa mkono, kwa sababu kiganja cha mfanyakazi ni sugu na kinadanganya. Beringi ikiwa na joto la kawaida, anapita. Ikichemka, behewa linapigwa grisi, na isipopoa linakatwa, linabaki. Behewa akishaliridhia analichora alama kwa chaki ubavuni, duara lenye mstari katikati. Kila mkaguzi alikuwa na alama yake. Behewa likiharibika huko mbele, watu wanasoma chaki na wanajua wa kumuuliza.

Halafu ukaja wakati wa kubinafsisha, na watu wakapunguzwa. Neno zuri sana hilo, kupunguzwa, unaweza kudhani ni nywele. Wenzake siku ya mwisho waligombania kupiga picha na cheti. Yeye aliomba kopo la grisi. Limekaa chini ya kitanda miaka yote hii, na mama kila akifagia analisukuma kwa mguu na kunung'unika.

Basi. Nimefika stendi Jumanne, basi limechelewa, na lilipofika kondakta hana mzigo wangu. Kasahau. Hata aibu hana, ananiambia, "Dada, si kesho ipo?" Nikarudi kibandani nikiwa nimeshaanza kukasirika, namkuta baba amesimama mlangoni, mikono myeusi hadi kwenye viwiko, anatabasamu kama bwana harusi.

"Nimeshakumalizia," akasema.

Sikuuliza amemaliza nini. Nilinusa. Kibanda kizima kilinuka stesheni.

Aliijaza. Hakupaka, alijaza. Grisi nyeusi ya mabehewa, ile nzito yenye kung'aa, juu ya prosesa, pembeni ya prosesa, chini ya prosesa kwenye vile vitundu vya miguu yake, na iliyobaki akaipitishia kwenye feni isije ikasikia wivu. Akarudisha kila kitu mahali pake kwa ustadi, skrubu zote zimekazwa. Na ubavuni, kwa chaki nyeupe, duara lenye mstari katikati.

Behewa limeridhiwa.

Hasira niliyopata sijawahi kuipata. Na ningefanya nini? Baba yangu huyo. Nimpigie kelele mzee aliyenisomesha, mbele ya fundi cherehani wa jirani ambaye tayari alishaitwa kushuhudia? Nilisimama pale, mdomo wazi, nikasema, "Ahsante, Baba."

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba iliwaka. Wallahi iliwaka! Feni ikazunguka, kioo kikaja, fundi cherehani akapiga makofi. Baba akaweka mgongo wa mkono ubavuni, akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Sikiliza inavyopumua." Kwa muda mfupi nikaanza kujitilia shaka mwenyewe. Nikaanzisha kurenda. Haikuchukua muda grisi ikapata moto, ikawa uji, ikateremka ndani ikidondoka. Kompyuta ikatoa sauti ndogo ya kusikitisha na kunyamaza. Haikuwaka tena, hata nilipoibembeleza.

Baba akasema labda imepungua, iongezwe.

Nikatoka nje. Nilizunguka kibanda, nikazunguka tena, nikarudi.

Leo asubuhi nimeifunga kompyuta kwenye kanga mbili, nikapanda nayo basi la Mikumi. Nilipanga kuja peke yangu. Nafika stendi, namkuta baba ameshakaa, kavaa koti lake la reli lenye vifungo vya shaba, kaniwekea nafasi dirishani. Mgonjwa, akasema, hapelekwi na mtu mmoja. Akaipakata yeye, njia yote ya vumbi. Akawa anawaeleza abiria kwamba tunampeleka mgonjwa Mikumi. Mama mmoja alitupa pole nyingi sana, akatuombea, akanyoosha mkono afunue kanga amwone mtoto, akakuta waya. Tulipopita Ulaya baba akamwambia kondakta kwamba mgonjwa huyu ndiko alikozaliwa. Basi zima likacheka. Mimi nilikuwa natazama nje nikihesabu migomba.

Sasa ni asilimia thelathini na saba. Baba amesogeza benchi. Ameweka mgongo wa mkono kwenye bati la kompyuta, juu, karibu na feni, na ametulia tuli.

Niendelee. Sehemu inayofuata ndiyo inayonifanya niandike badala ya kwenda kula.

Tulifika, Shukuru akamwamkia baba vizuri, "Shikamoo mzee," "Marahaba, mwanangu," tukakaribishwa maji. Shukuru ni kijana mchangamfu, mdomo wake na ubongo wake haviulizani. Akafungua ubavu. Akainama. Akaingiza kidole, akakitoa cheusi, akakinusa.

"Mh! Sasa huyu mjinga aliyefanya hivi ni nani?"

Feni ya darini ndiyo iliyokuwa inaongea.

Baba alikuwa nyuma yangu. Sikumwona, ila nilisikia benchi likilia kidogo, kama mtu aliyekuwa anaegemea ameacha kuegemea. Nikawaza lile koti la shaba. Nikawaza mikono ile imegusa mabehewa mangapi watu wakalala salama mpaka Dodoma.

"Mimi," nikasema. "Nilidhani grisi itasaidia."

Shukuru akacheka mpaka akashika meza. Dada, akasema, wewe mtu wa kompyuta mzima! Nikacheka na mimi, cha uongo, nikijiambia kwamba sawa, heshima ya mzee imesalimika, Mungu ataandika thawabu.

Na hapo ndipo baba yangu mzazi, mtu niliyemsitiri sekunde chache zilizopita, alipokohoa, akasema:

"Vijana wa siku hizi hawasikii. Nilimwambia aweke kidogo."

Jamani.

Jamani, jamani.

Niligeuka nikamtazama. Hakunitazama. Alikuwa anatazama ile alama ya chaki, ambayo bado ilikuwa pale ubavuni, duara lenye mstari, kubwa kama kisahani. Nilipogeuka tena kumsaidia Shukuru kushika tochi, nikamwona kwa pembe ya jicho akitoa leso mfukoni na kuifuta. Polepole, kama anafuta vumbi tu. Shukuru hakugundua.

Hapo hasira ikanichanganyikia na kitu kingine ambacho sikukitaka. Nilitaka niwe na hasira tu, nilikuwa nimeigharamia.

Shukuru alisafisha kwa spiriti na mswaki wa meno muda mrefu sana. Akaanika bodi juani, akaipuliza, akaianika tena. Nilikuwa nasema moyoni, ikiwa imekufa nitarudi Kidete kwa miguu kuomba radhi. Halafu akatoa pesti. Inakaa kwenye kitu kama bomba dogo la sindano. Akaminya tone moja katikati ya prosesa. Moja tu, kama punje ya choroko. Akashusha lile pande la alumini, akabana, basi.

Baba akanyanyuka. "Umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee."

"Hiyo tu? Mbona hata haionekani!"

Shukuru akamweleza, na hapo lazima nimsifu, alieleza kwa adabu. Akasema mzee, hii siyo ya kulainisha. Hapa hakuna kinachozunguka. Bati hili na bati hili ukiyaona ni laini, ila yana vijishimo ambavyo jicho halivioni, na humo hewa inajificha, na hewa inazuia joto lisipande juu kwenye feni. Pesti inajaza vijishimo tu. Ukiweka nyingi, umeweka blanketi.

Baba alikaa. Halafu akasema, si kwa Shukuru wala kwangu, "Kumbe hakuna kinachozunguka."

Alisema kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kuhusu msiba wa mbali.

Kompyuta ikawaka. Nikaanzisha kurenda. Shukuru akanipa mashine hii nijipoze kwa kuandika. Ndipo tulipo.

Asilimia hamsini na nne.

Shukuru ametoka, amekwenda kula. Amesema isiguswe. Safari hii ameniambia mimi, akinitazama usoni, na nimeyastahili, maana si mimi ndiye mjinga wa grisi?

Nilitaka kuweka hapa picha ya ile grisi mwone wenyewe, lakini mtandao umegoma. Labda ni vizuri.

Hamsini na saba. Siwezi kuandika vizuri. Nimeacha kutazama kioo changu, namtazama baba. Mkono wake hauondoki. Ameinamisha kichwa kidogo kama anasikiliza redio yenye mikwaruzo. Nimemwambia akale, amekataa. Nimemwambia kuna wali maharage hapo jirani, amekataa bila kugeuka.

Naandika haya baada ya muda kidogo, niwaeleze kilichotokea.

Baba alinyanyua kichwa. Mkono wa kulia bado uko kwenye bati, na ule wa kushoto, nikauona unasogea kwenye swichi ya ukutani. Najua kanuni yake. Kinachochemka kinasimamishwa, hakuna mjadala. Miaka yote ile hakuwahi kumuuliza mtu, si dereva, si mkuu wa stesheni. Alisimamisha treni yenye watu mia na mbuzi wao. Nilifungua mdomo nipige kelele, na Mungu anisamehe, ningempigia kelele kweli safari hii.

Mkono ukaishia hewani.

"Inachemka," akasema. "Nizime?"

Aliniuliza.

Sikumbuki baba yangu kuwahi kuniuliza kitu. Ameniambia, amenituma, amenionya, amenichekesha. Kuniuliza, hapana. Shukuru yuko kwenye wali wake. Nikisema zima, kazi imekwenda tena, na kabla ya Jumapili sijui kama tutapata nafasi nyingine. Nikisema acha na ikaungua, hakuna kompyuta, hakuna video, hakuna kibanda.

Nikaenda nikaweka mkono. Kiganja. Baba akaugeuza mkono wangu, akauweka mgongo wa mkono huo kwenye bati. Kweli ni joto. Joto la kutosha kuivisha yai.

"Wewe unaonaje, Baba?"

"Mimi nilikuwa naona beringi," akasema. "Hii siijui. Hii ni yako."

Tukabaki hivyo, mikono miwili juu ya bati, kama watu wanaoapa. Feni ilikuwa inavuma, na hewa iliyotoka nyuma ilikuwa ya moto, moto kweli. Siku zile za kuzima, nikakumbuka, nyuma kulikuwa hakutoki kitu, joto lilibaki ndani. Sasa linatoka. Nikasema, "Iache, Baba. Joto linatoka."

Akarudisha mkono wake wa kushoto mapajani.

Sitini ikaja. Ikakaa, ikakaa sana kuliko haki. Nilifumba macho. Niliposikia baba anavuta pumzi nikafumbua, na ilikuwa imeshapita.

Imepita! Siandiki neno zima kwa herufi kubwa kwa sababu kitufe cha kuzishikilia nacho kina matatizo yake, lakini moyoni ni kubwa zote.

Halafu baba, akitazama mlangoni, akasema, "Ile grisi ilizidi kidogo."

Kidogo!

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Sijui yalikuwa ya kucheka yote.

Shukuru akarudi akichokonoa meno. Baba akasimama, akafunga vifungo vya koti, vyote. Nikadhani anaaga.

"Kijana," akasema, "uliuliza mjinga ni nani. Ni mimi. Binti yangu hakuigusa ile grisi. Niliweka mimi, na alama yangu ilikuwa pale, nikaifuta. Katika kazi yetu alama haifutwi."

Maskini Shukuru. Sijawahi kuona mtu anatafuta pa kuingia kwenye duka lake mwenyewe. Akasema "Shikamoo mzee," wakati alishaamkia asubuhi. Baba akamwitikia "Marahaba" kwa utulivu kabisa. Shukuru akaomba radhi, akaomba tena, akataka kutuletea soda. Baba akamwambia akae, kazi ya watu haijaisha, amwelekeze hiyo pesti inauzwa wapi.

Mimi nilikuwa nimegeukia kioo. Niliona ni bora nigeukie kioo.

Imeisha jioni hii. Tumeichoma kwenye sidii, tumeijaribu kwenye deki ya Shukuru. Mama Perisi na wenzake wametembea juu ya mataruma, magauni ya zambarau, reli inang'aa nyuma yao, sauti na midomo vinaendana. Kwa baba, kwaya yote ile haikuwa kitu. Alichosema ni, "Rudisha nyuma. Pale. Reli hiyo nimeikagua mimi." Tumeirudisha mara nne. Wateja wawili waliokuja kutuma barua pepe wakatazama nao.

Nimempigia Mama Perisi. Alipiga kigelegele kwenye simu hadi nikaiweka mbali na sikio. Akasema baba aje naye Jumapili, atakaa mbele. Baba amesema ataangalia nafasi yake, kana kwamba ana nafasi nyingine duniani.

Basi nikadhani siku imeisha. Nimeinama nakunja nyaya, natandaza kanga nimfunge mgonjwa aliyepona. Shukuru amenizawadia lile bomba la pesti, bado limejaa karibu lote, akasema litanitosha miaka kwa sababu ni punje moja moja. Nimeliweka mezani. Nimegeuka kuchukua kanga ya pili.

Nimesikia baba anamuuliza Shukuru kama ana chaki. Shukuru akasema mzee, hapa dukani chaki hatuna.

Nilipogeuka alikuwa ameshamaliza.

Duara. Kubwa kama sahani ya ubwabwa. Na mstari katikati, mnene, umenyooka, wa mkono usiotetemeka. Kwa pesti. Bomba zima. Pesti ya kunitosha miaka, iko ubavuni mwa kompyuta yangu inang'aa kama rangi mbichi, na Shukuru anasema hii kitu haikauki leo wala kesho, itashika kwenye kanga, kwenye basi, kwenye nguo za kila atakayetusogelea hadi Kilosa.

Baba amesimama pembeni, mikono nyuma, kichwa upande, anaiangalia alama yake.

Shukuru ameniletea pamba na spiriti, ananiuliza kwa sauti ya chini kama anifutie haraka mzee akigeuka. Nimemwambia arudishe tu vitu vyake, hapa hakifutwi kitu.

Basi letu linapiga honi. Sijui nitaipakata vipi.